Wateja Watatu, Programu Moja

"Shoga, hao wateja wa binti yako wote wamo kwenye programu moja. Hawachunguliani?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu, mshonaji wa magauni ya harusi, siku alipokuja kutaka naye afunguliwe tovuti na binti yangu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwita binti yangu ajibu.

"Hawachunguliani, mama mdogo," binti akasema. "Programu ya blogu ni moja, lakini kila mtu ana anwani yake na neno lake la siri. Anayefungua yako hajui kama fundi majeneza yumo humo humo."

"Na majeneza yamo?"

"Yamo."

"Basi mimi niweke mbali nayo."

Tukacheka. Wa tatu alikuwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye yeye na jirani yangu husalimiana kwa kukohoa. Binti aliniambia kuwatenganisha ni kujipa kazi bure; akirekebisha mahali pamoja, wote watatu wamerekebishiwa.

Jirani akaweka kwenye tovuti yake picha za gauni lake jipya, bado zimefichwa, azitoe msimu wa harusi ukifika. Mikono ya gauni hilo ilikuwa na mikunjo midogo midogo kuanzia begani hadi kiwikoni. Naijua, maana nilisimamishwa nipimwe mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku moja tumetoka kusali, mwenzetu mmoja akatuonyesha simu. Mikono ile ile, kwenye tovuti ya mshonaji wa ng'ambo.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza binti. Akafungua kompyuta, akapekua, kisha akasema, "Yule wa ng'ambo alilalamika picha zake haziingii. Nikampa ruhusa haraka haraka. Kumbe nimempa ya programu nzima, si ya tovuti yake tu."

"Kwa hiyo ameona vya wote."

"Nimeshamwondolea, mama. Tuseme imefanana kwa bahati tu. Jirani hatajua."

"Mungu amejua."

"Mungu hashoni magauni, mama."

"Anayeshona huyo hapo mlangoni," nikamwambia, maana nilishasikia kandambili zake.

Jirani aliingia, akaketi, akapokea glasi ya maji asiinywe.

"Shoga, nimeibiwa. Nimeiona mikono yangu kwenye tovuti ya huyu wa ng'ambo. Ukikutoa wewe niliyekupima, gauni nilishona na wifi yangu, wawili tu, mlango umefungwa. Nani mwingine? Asubuhi nimemfukuza mbele ya watoto wake. Nimemwita mwizi."

Nikamtazama binti yangu. Sikumsemea. Akaanza, "Mama mdogo, si wifi," akaeleza yote, ile ruhusa na ile haraka, wala hakuisingizia kompyuta.

"Kwa hiyo wifi hakuchukua kitu," jirani akasema.

"Hakuchukua. Kosa ni langu."

Jirani akaweka glasi chini. Akavaa kandambili zake, akatoka, akashika njia ya kwa wifi yake.