Mlamula wa Kahigwa

Kahigwa alipiga magoti, akasimama. Akapiga magoti tena kando ya kitanda, akafumba macho, akasema "Bwana," kisha akakumbuka kwamba hakufunga mlango wa jikoni. Akaenda kuufunga. Ulikuwa umefungwa. Aliporudi alimkuta mkewe, Kemilembe, amegeukia ukutani, anatetemeka ndani ya mablanketi mchana kweupe, na bati juu yao linalia kwa jua.

Homa ilikuwa imeingia wiki ya pili. Mganga wa zahanati alikuwa amemdunga sindano alizokuwa nazo, akasema zikishindwa apelekwe hospitali mjini Mwanza. Lori la kijiji halikuwa na dizeli tangu mwezi uliopita. Zilibaki sala, na sala ndiyo kazi ambayo watu wote wa kijiji kile kipya, upande wa Ilemela, walijua Kahigwa anaiweza. Walikuwa wakija kumwita kama wanavyomwita kutengeneza kitanda au jeneza, maana pamoja na kuomba alikuwa seremala.

Sasa ilikuwa zamu ya nyumba yake, na hakuweza kumaliza hata sentensi moja.

Alitoka ng'ambo ya ziwa, kwao Buhaya, akiwa Mlutheri wa uamsho, wale ndugu ambao hawana mchezo na dhambi. Kila Alhamisi alasiri walikusanyika nyumbani kwa mwinjilisti Kaijage, na desturi yao ilikuwa hiyo hiyo ya kwao: kabla ya kumwomba Mungu lolote, kila mwenye kitu moyoni asimame akiseme kwa sauti mbele ya wenzake. Kahigwa alisimama karibu kila wiki. Alitubu kwamba alimwonea wivu mtu mwenye redio. Alitubu kwamba alisinzia wakati wa mahubiri. Siku moja alitubu, huku akilia machozi ya kweli, kwamba alimpiga mbuzi wa jirani kwa hasira na mbuzi hakuwa na kosa. Ndugu walitikisa vichwa wakasema, mtu anayeungama vidogo hivi, vikubwa atavitoa wapi?

Watu wazima na akili zao, na hakuna aliyejiuliza. Kahigwa alikuwa kama mwenye nyumba anayewajaza wageni karanga ili wasikumbuke kuuliza habari za kuku.

Kuku mwenyewe alikuwa huyu. Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipoondolewa vilimani na kuletwa pamoja kijijini, wapimaji walikuja na kamba na vigingi, wakagawa viwanja harakaharaka kwa sababu malori yalikuwa njiani. Kiwanja cha Kahigwa kiliangukia kwenye changarawe. Pembeni yake, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajafika bado, kulikuwa na ukanda wa udongo mweusi, wenye unyevu, ulioshuka toka kwenye miamba ya juu. Mhaya akiona udongo wa namna hiyo anaona migomba, hata kama bado hakuna mgomba. Wapimaji walipokwenda kula kwa mwenyekiti, Kahigwa alichukua nyundo yake ya useremala, akang'oa vigingi, akavipigilia upande wa pili wa ule udongo mweusi. Haikuchukua muda. Waliporudi, wapimaji hawakuangalia nyuma.

Kesho yake lori likamteremsha mjane mmoja wa Kisukuma, Mkatoliki, jina lake Wilhelmina, amekaa juu ya magunia ya mihogo mikavu na amempakata kuku. Alionyeshwa kiwanja chake. Akayatazama mawe, akasema, "Haya, ndiyo hapo," akaanza kushusha mizigo.

Huenda hata hapo Kahigwa angeweza kurudi nyuma. Lakini alifanya jambo ambalo mtu wa kwao tu angelifanya. Aliagiza vipandikizi vya mlamula, vikaja kwa meli kutoka Bukoba, akavipanda safu nzima kwenye mpaka ule wa wizi. Mlamula ni mti wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, na kwao ndio unaosema shamba la huyu limeishia hapa na la yule linaanzia hapa. Ukishapandwa, haukatwi wala hausogezwi, na wazee wakigombana huenda wakasimama mbele yake na ugomvi ukaisha. Vigingi huliwa na mchwa, mlamula hauliwi. Kahigwa alitaka uongo wake uwe na mizizi.

Wilhelmina hakujua habari za mlamula. Yeye aliona ni maua. "Yanapendeza, baba Justa," alisema. Justa alikuwa binti wa Kahigwa na Kemilembe, ameolewa Nansio. "Mmenipambia na upande wangu."

Na Kahigwa dhamiri yake aliijibu vipi? Kwa siasa. Mikutanoni walikuwa wakifundishwa kila siku kwamba ardhi ni mali ya taifa zima. Basi, Kahigwa alijiambia, nitamwibiaje mtu kitu ambacho si chake? Alilipenda jibu hilo. Alilirudia kila alipopita penye safu ile, na alipita hapo kila siku, kwa hiyo alilirudia mno.

Alhamisi ya wiki ile ya pili ya homa, ndugu waliamua kukutana nyumbani kwake ili wamwombee mgonjwa. Walijaa sebuleni. Kaijage, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe, alihubiri kwamba ombi la mwenye kuficha uovu haliendi popote, linagonga bati na kurudi chini. Alipomaliza akasema, "Ndugu zangu, tunaomba uhai wa dada yetu. Kama kuna aliye na kitu, leo si siku ya kukificha."

Toka chumbani ilisikika pumzi ya Kemilembe, nzito, inakwaruza. Kahigwa alisimama. Alifungua mdomo akiwa na neno "vigingi" kwenye ulimi kabisa, akawaona wote wanavyomtazama kwa upendo, wakisubiri kidogo chake cha kila wiki.

"Nimerudia ugoro," alisema. "Jana. Nyuma ya karakana."

"Asifiwe Bwana!" waliitikia. Wakaimba. Kaijage akamkumbatia. Kahigwa alitoka nje katikati ya wimbo akijifanya anakwenda kuchota maji, akazunguka nyumba, akazunguka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nyuma ya nyumba alikutana na Wilhelmina anaingia na bakuli la uji. Mjane huyu alikuwa hatoki kwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyemwosha, yeye ndiye aliyembadilishia shuka, kwa sababu nyumba zilipakana na kwa sababu, alisema, Kemilembe alikuwa mtu wa kwanza kumpa moto siku aliyofika.

"Shikamoo, mama Ngosha," Kahigwa alisema. Ngosha alikuwa mwana mkubwa wa mjane, yuko mjini kazini.

"Marahaba, baba. Mbona unazunguka hivyo? Kaa chini ule kitu. Mimi nasali rozari yangu kila saa, na wewe unasali yako. Mungu atachoka na sisi, atatupa tu."

Akacheka, akaingia ndani.

Jioni hiyo alifanya biashara na Mungu. Alisema: kesho kukicha nitakwenda kwa mjane. Nitamwambia vigingi, nitamwambia mlamula, nitamwambia yote, na wewe utaniachia mke wangu. Hakusema amina. Aliona amina ni kama kutia saini, akaogopa.

Alfajiri alivaa kanzu yake ya kanisani, akatoka akijifunza maneno. Mama Ngosha, nina neno. Hapana. Mama Ngosha, mimi ni mwizi. Alikuwa bado hajafika mlangoni kwa mjane aliposikia anaitwa kwa nyuma. Kumbe Wilhelmina alikuwa ameshaingia kwa mgonjwa kwa mlango wa jikoni, na sasa alikuwa anatoka nyumbani kwake yeye, Kahigwa, nywele wazi, kitambaa mkononi.

"Baba Justa! Njoo uone! Amelowa jasho kama aliyetoka ziwani. Homa imekwisha! Anaomba ndizi!"

Kahigwa alikimbia. Kemilembe alikuwa ameketi kitandani, mifupa mitupu, macho meupe, anatabasamu. Alimgusa paji la uso, lilikuwa baridi. Alilia kwa sauti kama mtoto, na furaha yake ilikuwa ya kweli, nani angesema si ya kweli? Lakini alipokuwa bado analia, wazo lilipenya kama panya chini ya mlango: sikusema kitu. Sikuwa nimesema kitu bado, na amepona.

Basi hakuna haja ya kusema.

Alhamisi iliyofuata ndugu waliimba mpaka vumbi likapanda. "Mmeona?" Kaijage alinguruma. "Mtu aliyesafisha moyo wake, Mungu hamkawizi! Ugoro tu, ndugu zangu, aliuleta nuruni, na mkewe huyu hapa!" Kemilembe aliinuka ashangiliwe. Kahigwa alipiga makofi pamoja na wengine, kiti kikimchoma kama amekalia siafu.

Ungedhani sasa atatulia. Thubutu! Alianza meza tatu kwa mpigo, hakumaliza hata moja. Kemilembe alimpikia ndizi alizozitamani katika homa, ndizi za ule udongo mweusi, laini kama siagi, naye akatafuna, akatafuna, zikakataa kushuka. "Sasa mimi mgonjwa au wewe?" mkewe aliuliza. Usiku aliomba na maneno yakaja yenyewe, mazuri, yanatiririka, na hilo ndilo lililomtisha kuliko siku zile alizokuwa anakwama. Zaidi ya yote alimkasirikia Mungu. Ndiyo, alimkasirikia! Kama angemnyima, angejua anasimama wapi. Angesema, nimefungiwa mlango kwa sababu ya vigingi, na nikivirudisha utafunguliwa. Hiyo ni bei, na bei mtu anaielewa. Lakini kumpa hivi hivi, bila hata kuulizia! Au hakupewa yeye? Rozari ya nani ilijibiwa? Swali hilo lilimfuata mpaka shamba la kijiji, likashika naye jembe kwenye mstari wa pamba.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Alasiri moja walipoachiwa shambani mapema, Kahigwa alirudi kwa njia ya nyuma, ya kwenye miamba. Akamwona Wilhelmina anapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, polepole, mkono mmoja kiunoni. Alipita maboga yake, yaliyojikunja katikati ya mawe, majani yamekuwa kama karatasi. Hakusimama. Akafika kwenye safu ya mlamula, akatua ndoo, akaanza kumwaga maji kwa kibuyu, mti mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, bila kupoteza tone.

"Mama Ngosha! Unafanya nini?"

Aligeuka, akafuta uso. "Umerudi, baba? Maua yenu. Yalikuwa yameanza kunyauka ulipokuwa na mgonjwa. Nikasema mama Justa akiinuka akute yamekufa, atasikitika. Nimeshazoea sasa."

"Na maboga yako?"

"Maboga nayo," alisema, kama mtu anayezungumzia mtoto mtukutu. "Pale ni mawe, baba. Hata ukimwaga ziwa zima."

Kahigwa alisikia mdomo wake unaanza. "Mama, nisamehe, sijakushukuru vizuri kwa..." Akajisikia mwenyewe. Ilikuwa karanga tena. Alikuwa anatoa karanga. Akanyamaza, na wala hakuwa na homa ya mtu ya kulipia wala ndugu wa kumwitikia. Hakuna alichokuwa anakitaka kwa Mungu saa ile.

"Haya si maua," alisema. "Kwetu huu ni mpaka. Na hapa si mpaka. Mpaka wako uko kule, mwisho wa migomba. Niling'oa vigingi siku moja kabla hujaja. Udongo ule mweusi wote ni wako. Niliuiba."

Wilhelmina alibaki na kibuyu mkononi, maji yanadondoka. Aliitazama migomba, mikubwa, imeinama kwa mikungu. Akayatazama mawe yake. Ilichukua muda uso wake kubadilika, na ulipobadilika Kahigwa aliona kitu ambacho hajakiona kwake tangu siku ya lori. Mjane huyu alikuwa na hasira, kubwa kama ya mtu yeyote.

"Mimi nimeyabebea maji," alisema taratibu. "Toka kule chini. Na mgongo huu."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku unaniamkia shikamoo. Naitika marahaba."

Kahigwa alianza kupiga magoti, jambo alilolijua vizuri.

"Acha!" Wilhelmina alisema kwa ukali mpaka kuku wakaruka. "Usinipigie magoti mimi. Magoti yako nimeyaona. Ng'oa."

Akashika mlamula wa kwanza kwa mikono miwili, akavuta. Haukutikisika. Akavuta tena, akajipinda, jasho likamwingia machoni. Mti ulikuwa umeshika nchi. Maji ya mjane yalikuwa yameipeleka mizizi chini kabisa, na udongo pale shinani ulikuwa mzuri, umelowa, wa kwanza kulowa katika kijiji kizima. Wilhelmina alisimama kando na ndoo tupu anamtazama. Hakumsaidia, wala hakuondoka.

Kemilembe alitokea mlangoni ameshikilia nguzo, bado dhaifu. Majirani wawili waliokuwa wanarudi shambani nao walisimama njiani. "Baba Justa!" mkewe aliita. "Unafanya nini huko na huo mlamula?"

Kahigwa alinyoosha mgongo. Angeweza kumjibu baadaye, ndani, wakiwa wawili.

"Naurudisha mpaka niliouiba!" alijibu kwa sauti ya kuwafikia wale wa njiani. Kisha akaenda karakana kuchukua jembe.