Dirisha la Upande wa Bahari

Kimbunga kiliingia nyumbani kwa Bi Bahia, Mahajanga, kwa dirisha la upande wa bahari, kikatoka na paa zima. Ilipotangazwa kwamba waliobomolewa nyumba watajenga upya bila kulipia kibali, alimshukuru Mungu, akamwambia fundi Athoumani asiliweke tena dirisha lile.

Karani wa ujenzi alipokuja kukagua, alitikisa kichwa.

"Mama, msamaha ni kwa nyumba iliyojengwa kama ilivyokuwa. Bila dirisha, hii ni nyumba mpya. Utalipia."

"Lakini ndilo lililonivunjia nyumba!"

"Sheria haikutaja upepo."

"Sheria ya kimbunga isitaje upepo?"

 Kila karani aliporudi, Bi Bahia alimsihi mpaka ulimi ukamkauka, naye akabaki palepale. Mwishowe, kwa hasira, mama akaagiza ukuta utobolewe. Karani akalitazama dirisha, akaridhika, akagonga muhuri.

Alipokata kona tu, Bi Bahia alimgeukia fundi. "Ziba."

Athoumani akaangua kicheko. Bi Bahia hakucheka. Matofali yaliyotolewa ukutani yalikuwa yamevunjika karibu yote, na ilimbidi akanunue mengine.