Picha ya Kitanda

"Hili nalo jeneza," Consolata alisema, akipitisha kidole kwenye simu ya fundi. "Na hili jeneza. Na hili?"

"Hilo la mtoto," Ernesti akajibu kwa sauti ya chini.

Consolata akaiweka simu mezani. Alikuwa binti mpole, anawatengenezea watu tovuti katika chumba kimoja pale Usagara, na mteja wa aina hii hakuwahi kumpata. "Usinione sina adabu, baba. Umesema tovuti ni ya vitanda. Sasa kitanda kiko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Ernesti alikuwa seremala wa Chumbageni, na mkono wake usipime. Lakini kwa miaka na miaka Wakristo wa mji walimjua kwa kitu kimoja tu. Jeneza la mninga, pembe zimekaa sawasawa, vanishi mpaka unajiona uso. Ndugu wakishazika humtumia picha wamelizunguka na maua yao, eti asante fundi. Picha zake zote zilikuwa hizo, na kazi yenyewe iko chini ya udongo. Nani atanunua kitanda cha kulalia kwa mtu wa namna hiyo? Karakana yake watu walikuwa wanaipita mbio mbio.

"Nimechoka, mwanangu," akamwambia Consolata. "Kila anayenifuata analia. Nataka kabla sijazeeka, siku moja mtu aje karakana kwangu anacheka."

Consolata akamwonea huruma. Akamweleza anachohitaji: picha ya kitanda alichotengeneza mwenyewe, kimetandikwa ndani ya nyumba ya watu, na maneno mawili matatu ya mteja anayekilalia. "Bila hivyo, baba, tutakuwa tunatangaza mbao."

Kitanda kilikuwepo. Kimoja, cha ujana wake, kwa Bibi Anastazia, mjane wa nyapara wa shamba la mkonge, mtaa wa pili tu kutoka karakana. Tatizo, Bibi Anastazia alikuwa mgonjwa. Na fundi wa majeneza, jamani, haendi kumtazama mgonjwa! Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo, ila kila mtu anaijua. Jirani akiugua, Ernesti hupita njia ya nyuma, na salamu za pole humtuma mtu mwingine.

Safari hii akaamua kwenda. Tepu ya kupimia akaiacha karakana makusudi, asije akatia watu hofu. Halafu, masikini ya Mungu, akataka apendeze. Akavaa suti. Suti yenyewe alikuwa nayo moja, nyeusi, ile anayopelekea majeneza.

Lea, binti wa bibi, alikuwa uani anapepeta mchele. Alipoinua kichwa akaiona suti ile inaingia, ungo ukamtoka mikononi.

"Nani amekuita? Fundi, nakuuliza, nani amekuita hapa? Mama bado mzima!"

"Sikuja kwa hayo. Nimekuja kupiga picha kitanda."

"Kitanda! Na aliyelala juu yake je?" Lea akaanza kulia. Majirani wawili wakachungulia juu ya ukuta, wakaiona suti, wakarudisha vichwa. Ernesti akageuka aondoke zake.

"Lea! Nani huyo?" sauti ikatoka chumbani.

"Hakuna mtu, mama!"

"Hakuna mtu, mbona unagombana naye? Mwache apite."

Ernesti akaingia, kijasho kinamtoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ernesti. Umekuja kunipima?"

Basi akaeleza yote, toka tovuti mpaka ile hamu yake ya kuona mtu anacheka. Bibi Anastazia akacheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akacheka tena. "Nipigwe picha na gauni hili la kulalia? Lea, nipe kile kitenge cha Pasaka. Na mto niwekee mgongoni."

Ernesti na Lea wakamwinua, wakamkalisha akiegemea ubao wa kichwani. Wakati Lea anamfunga kilemba, Ernesti akapitisha kiganja pembeni mwa kitanda, pale mbao mbili zilipoingiliana bila msumari. Pangali pamebana vile vile. Akajisikia vizuri, na hakuweza kuficha.

"Haya, hayo maneno ya mteja," bibi akasema. "Andika hivi: marehemu mume wangu alikuwa mtu mzito, hatulii, lakini kitanda hiki hakijalia hata siku moja."

"Mama!" Lea akafunika uso, akacheka naye machozi yakiwa bado mashavuni. Picha ikapigwa pale pale, na jioni ile Consolata akaiweka kwenye tovuti.

Wiki haikuisha, Bibi Anastazia akafariki.

Mtaa mzima ukawa na jibu. Si alionekana anaingia na suti yake? Ernesti akampigia Consolata. "Itoe ile picha. Mambo ya vitanda yamekwisha." Hakungoja jibu. Akashusha mbao za mninga alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kitanda kipya, akaanza kupiga randa. Vipimo hakuvihitaji, kwani alimwinua mama yule kwa mikono yake. Alikuwa na uchungu na aibu, lakini mikono ilikuwa inakwenda kwa mazoea.

Mchana Lea akaja, kanga kaifunga kiunoni, macho yamevimba. Akasimama mlangoni akizitazama zile mbao.

"Za nini hizo?"

"Za mama. Sitaki hela, Lea. Niache nimfanyie."

"Jeneza tumeshachukua kwingine."

Randa ikasimama. "Nastahili," Ernesti akasema.

"Hukunielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataza. Alituita wote, akasema, Ernesti msimsumbue na majeneza, yule siku hizi ni fundi wa vitanda." Lea akajifuta macho. "Nimekuja kuomba ile picha. Hatuna nyingine ambayo anacheka. Na kwenye tovuti usiitoe, alitaka watu waione."

Ernesti akaitikia kwa kichwa, kwamba sawa, kwamba amesikia.

"Na msibani uje."

"Nije na nini?"

"Na nini tena? Uje tu, kama watu."

Akanawa, akajikung'uta vumbi la mbao, akavaa shati la kawaida. Misiba yote aliyokwenda alisimama nje kando ya gari, akingoja kuitwa kazini. Safari hii akaingia chini ya turubai, hajui mikono aiweke wapi. Mzee mmoja asiyemfahamu akasogea kwenye benchi kumpisha.

"Pole, ndugu yangu. Wewe ulikuwa nani kwa marehemu?"

Ernesti akafungua kinywa amjibu, machozi yakamtangulia. Yule mzee hakumharakisha. Akamsogezea bilauri ya maji, wakakaa, na huko ndani akina mama wakaanza wimbo mwingine.