Jasho la Vita

Siku moja kabla ya harusi ya wifi yake, muuguzi alitoka jikoni na beseni la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni ya kufulia na brashi ya viatu ambayo haijawahi kugusa kiatu. Alimkuta baba mkwe ameshakaa uani juu ya kigoda, shati kalivua, mkia kaukunja miguuni, anasikiliza taarifa ya habari. Redio ilisema bei ya saruji imepanda. Mzee Tanuri akatikisa kichwa na kutoa moshi kidogo puani, kama afanyavyo mtu yeyote akisikia bei ya saruji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Anza na mgongo. Mgongoni ndiko kwenye watu."

Mzee alikuwa wa ukoo wa Koo Jekundu, ukoo wa wapiganaji, na mjini hapakuwa na asiyejua mila zao, kwa kuwa wenyewe hawakumwacha mtu asizijue. Kila mpiganaji wao alipoua adui, gamba moja mwilini mwake liligeuka dhahabu, lenyewe, akiwa usingizini, bila kupakwa kitu. Hakuna aliyewahi kulighushi. "Gamba halisemi uongo," watoto wa ukoo walifundishwa hivyo kabla hawajaota mabawa. Siku ya harusi msemaji wa ukoo humsimamisha mzee mbele ya wageni, akayagusa magamba yake moja baada ya jingine, na kwa kila gamba ukoo mzima ukaitikia, "Alikuwa shujaa!" Maana kumuua mwoga si sifa.

Tatizo ni kwamba magamba hayo yalivuja. Yalitoa maji mazito ya rangi ya uji uliochacha, nao ukoo uliyaita jasho la vita. Kuyafuta ilikuwa kazi ya mama mkwe tangu alipoolewa, lakini siku hizi mikono yake ilitetemeka, na jukumu likamwangukia muuguzi kwa hoja kwamba yeye hata hivyo hushinda na vidonda.

Ilikuwa kweli. Pale zahanati aliwafunga vidonda watoto waliopaliwa na moto wao wenyewe na vijana waliochanika mabawa kwenye nyaya za umeme. Hakuwa mtu wa kinyaa. Mkate wake wa mchana aliula katika chumba kilekile alichokamulia majipu.

"Futa juu juu, mwanangu," mama mkwe alimwambia kutoka mlangoni. "Kama unafuta meza ya watu. Usifunue."

Muuguzi akafuta juu juu. Akamwaga maji, akaleta mengine, akafuta tena. Harufu haikupungua. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na kila alipopitisha kitambaa jasho lilirudi nyuma ya mkono wake. Usaha hauponi kwa kufutwa juu. Hilo analijua hata mwanafunzi wa uuguzi wa wiki ya kwanza. Basi akachukua kibanio kwenye mkoba wake wa kazi, akainua ukingo wa gamba lililokuwa karibu na uti wa mgongo.

Chini yake palikuwa na jino la utotoni, jeupe, damu bado mbichi kwenye mzizi. Akalifunika. Chini ya gamba lililofuata palikuwa na kipande cha msuko wa mvi, kinanuka moshi wa kuni. Chini ya lile la tatu, lililokuwa chini ya bega, mtu alikuwa anakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mfululizo kisichotoa nafasi ya kupumua, kisha mvuto mrefu wa pumzi wenye mlio, kisha kikaanza upya. Muuguzi alikijua. Kifaduro, na mgonjwa hakuzidi miaka minne. Akasubiri kama anavyosubiri zahanati, mpaka kikatulia, akalirudisha gamba taratibu asije akambana.

"Baba, hapa pana mtoto anakohoa."

"Hukohoa kukiwa na baridi," alisema Mzee Tanuri. "Bonyeza, atanyamaza."

Muuguzi hakubonyeza. "Hivi ni vita gani, baba?"

"Vya Mtoni. Tulivuka alfajiri, watu wamelala."

"Walikuwa na silaha?"

Mzee alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio, akafikiri. Alikuwa mtu asiyependa kusema jambo asilolijua vizuri.

"Walikuwa na kelele," alisema.

Muuguzi akaweka brashi chini, akaenda nyuma ya jiko, akatapika. Hakuwahi kutapika hata siku ile alipoletewa kijana aliyeiva upande mmoja. Akasukutua mdomo, akaingia ndani kwa mumewe, aliyekuwa anapiga pasi suruali ya harusi, akiipulizia pasi moto wa mdomoni kila ilipopoa.

"Nimefunua," alisema.

"Mama hakukwambia usifunue?"

"Baba yako ana mtoto mgongoni."

"Si mmoja," alisema mumewe kwa upole. Akageuza mguu wa suruali, akatafuta mkunjo.

"Kumbe unajua?"

"Nani asiyejua? Nimebebwa mgongo ule mpaka nimeanza shule. Nilikuwa nasinzia nikiwasikia wananong'ona. Wengine wana sauti nzuri tu."

"Na kesho atasimamishwa aitikiwe?"

"Mke wangu, watu wameshaalikwa."

Jikoni mke wa shemeji mkubwa alikuwa anamenya vitunguu. Hakuhitaji kuuliza, alimwona usoni akajua. Akajisogeza kwenye benchi, akampa nafasi.

"Sabuni haisaidii," alisema. "Limau na majivu. Baba yangu mzazi nilimfanyia hivyo miaka yote, alikuwa na mengi kuliko huyu, na alikuwa ananukia kama mtu wa benki."

"Na wanaokohoa?"

"Pamba, dada. Wewe si ndiyo kazi yako? Unaziba kwa pamba."

Muuguzi akatumia limau na majivu, kwa sababu harufu ile iliwaumiza na waliokuwa chini ya magamba. Pamba hakutumia. Alasiri Mzee Tanuri alikuwa anang'aa kama sinia jipya, na mama mkwe alimbusu muuguzi viganja vya mikono, akamwambia wamepata mkwe.

Ukumbi wa harusi ulikuwa na viti vyenye tundu la mkia na spika kubwa kila pembe. Msemaji wa ukoo alikuwa baba mdogo, ambaye siku za kazi ni dalali wa nyumba. Mzee akasimama kifua wazi. Muuguzi alisimama kando yake na taulo, kama ilivyotakiwa, tayari kufuta litakalochuruzika mbele ya wageni.

"Huyu!" alisema dalali, kidole kwenye gamba la kifuani.

"Alikuwa shujaa!"

"Na huyu?"

"Alikuwa shujaa!"

Wakazunguka mpaka mgongoni. Kidole kilipofika chini ya bega kikohozi kikaanza, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, kikasikika mpaka kwa wapishi. Wageni kadhaa nao wakakohoa, kwa adabu. Dalali akafungua mdomo aendelee.

"Huyo alikuwa mtoto," alisema muuguzi. "Ana kifaduro. Mtoto mwenye kifaduro hawezi hata kusimama, sembuse kwenda vitani."

Hakupaza sauti, lakini spika zilimfikisha. Bibi harusi alitazama kucha zake. Muuguzi alikaza taulo mkononi, akasubiri mtu mmoja tu ainuke, azibe mdomo, atoke nje. Alishaona watu wakisusa harusi kwa sababu ya wali kuungua.

Dalali alifikiri kwa muda uleule anaouhitaji pale mnunuzi anapomwambia kwamba paa linavuja. Kisha uso wake ukachanua.

"Mmesikia?" alipiga kelele. "Mtoto! Tena mgonjwa! Na bado alipambana na Koo Jekundu, huku anakohoa! Mtoto wa namna gani huyo?"

"Shujaa!" ukumbi ukaitikia. "Alikuwa mtoto shujaa!"

Vigelegele vikapasuka. Mzee Tanuri alitokwa na machozi, akasema hajawahi kupewa heshima kama hii katika maisha yake. Dalali alishagusa gamba lenye jino. "Mkwe, tuambie na huyu!" Muuguzi alifumba mdomo. "Amezidiwa na hisia," dalali aliwaeleza wageni, nao wakamwelewa.

Chakula kilipoletwa, nyama ilikuwa imechomwa kwa pumzi za wajomba wa bwana harusi. Muuguzi alisikia harufu yake ikiwa bado mbali. Alisukuma sahani. Mama wa bwana harusi alikuja kumshika mkono, akamwambia kwao hawana mila za kugusa moyo namna hii, labda zamani walikuwa nazo zikapotea.

Tangu hapo, kila alipokwenda kuwasalimu wakwe, muuguzi alikwenda na chupa ya dawa kutoka zahanati. Aliinua gamba kwa kibanio, akadondosha tone moja. Dawa ya kifaduro haimponyi aliyekwisha kufa, ila humpunguzia, na mtoto aliipenda kwa kuwa ilikuwa na ladha ya chungwa. Siku moja muuguzi alimuuliza jina. Mtoto akasema ameambiwa asiseme na watu asiowajua. Mzee Tanuri hakuingilia. Alisema dawa hiyo inamkuna vizuri.

Msimu wa harusi uliofuata alioa mtoto wa shemeji mkubwa. Wakati wa kupanga shughuli, baada ya maombi na kabla ya chakula, wazee waliweka sehemu mpya waliyoiita neno la mkwe. Mumewe alimsihi: watu wanatoka mbali kulisikia, asimwaibishe baba. Muuguzi akaenda, akasimama kando ya mzee na taulo lake.

Kidole cha dalali kikafika chini ya bega, kikatulia hapo. Ukumbi ukamgeukia. Yeye akakaza midomo, akanyamaza kwa nguvu zake zote, ili angalau kunyamaza kwake kusikike. Mikia ikaanza kuchezacheza chini ya viti.

Ndipo mama mkwe alipoinuka, akaja polepole, akapokea kipaza sauti kwa mikono inayotetemeka.

"Huyo alikuwa mtoto," alisema. "Alikuwa na kifaduro."

Aliisema vizuri kuliko muuguzi, akavuta pumzi mahali panapostahili, huzuni ikikaa mahali pake. Wakamwitikia mpaka taa zikayumba. Mtoto alipoanza kukohoa, watu walimpigia makofi.