Filamu ya Kiti

Mkuu wa maktaba alishasema: bila kibali cha Mjomba, ukumbi wa nyuma unafungwa na jioni zetu za filamu zinakufa. Mjomba ni mwenyekiti wa kamati ya utamaduni. Utamaduni anaoujua ni kukata utepe.

"Wewe binti, nasikia unawapendekezea watu filamu za kipuuzi," aliniambia sebuleni kwake, miguu juu ya meza. Msaidizi wake alicheka. Hiyo ndiyo kazi yake. "Nionyeshe moja. Nikichukia, mmekwisha."

"Sawa, Mjomba." Sauti yangu huwa ndogo. Moyoni nilishachagua ile ya wananchi wanaokipigia kura kiti kitupu, mawaziri wakakipepea na kuandika kila jambo kinalolinyamazia.

Binamu yangu akanivutia jikoni. "Dada, una wazimu? Mwekee ya mapenzi! Huyu atajua anasutwa."

"Anayesutika ni mwenye haya."

Tukaiweka. Waziri wa kwanza alipokipigia kiti magoti, Mjomba aliacha kutafuna. Wa pili alipofungwa jela kwa kukikalia kwa bahati mbaya, Mjomba akajipiga paja.

"Safi! Nidhamu hiyo!"

"Nidhamu, Mheshimiwa!" akaitikia msaidizi.

Mwishoni mchwa wanakitafuna kiti kutoka ndani huku mawaziri wakikiimbia. Mjomba akafuta machozi.

"Kiongozi wa kweli," akasema. "Amekufa kazini, na hakuwahi kujibizana na mtu."

Mimi hulia nikiona paka amenyeshewa. Nilimtafutia Mjomba huruma japo chembe, nikaikosa.

Kibali akakitia saini papo hapo, kwa sharti moja: siku ya kuionyesha, afungue yeye.

Akaja. Nyuma yake msaidizi alihema chini ya kiti kikubwa chekundu kutoka nyumbani, maana vya maktaba, eti, havina hadhi. Kikawekwa mbele kabisa, kando ya pazia la kuonyeshea. Wengi walikuwa wameshaisoma kadi yangu ya mapendekezo mlangoni, yenye kisa cha kiti kitupu. Ukumbi ukaangua kicheko. Mjomba akapunga mkono.

"Asanteni! Asanteni sana!"

"Dada," binamu akaninong'oneza, "kwani hajui?"

"Shika swichi ya taa," nikamwambia.

Mjomba akakaa. Ukumbi ulikuwa na joto, basi msaidizi akakunjua gazeti, akaanza kumpepea.