Msoma Damu wa Guapi

Jumanne moja, saa tisa na nusu alasiri, Bi Betsabé Riascos alifika kwenye geti la kitivo cha sayansi mjini Cali, miaka kumi na mmoja baada ya kufariki. Alivaa koti lake jeupe la kazi, na viatu vyake vilikuwa na tope la mto. Mlinzi, Aldemar, alimwomba kitambulisho.

"Walikifuta siku waliponizika," alisema.

"Sasa niandike nini hapa, mama?"

"Andika: marehemu, amekuja kikazi."

Aldemar aliandika, akampa beji ya mgeni, akamwomba akung'ute viatu kwanza maana korido lilikuwa limetoka kupigwa deki.

Ghorofa ya tatu, Nayibe Cuero alikuwa akiosha chupa. Alikuwa mwaka wa tatu wa biolojia, wa kwanza kutoka mtaa wake wa Guapi, kule pwani, kufika huko, na uso wake ulikuwa kwenye bango kubwa mlangoni: msichana mweusi wa pwani ya Pasifiki, anatabasamu juu ya hadubini, na chini yake maneno SAYANSI INAKUHITAJI. Hadubini ile aliigusa siku ya kupigwa picha tu. Mpango wa kuwahimiza vijana wa pwani waingie kwenye utafiti wa tiba ulimfikisha maabara, na maabara ikampa brashi. Wiki hiyo mama yake alikuwa amempigia simu: shule ya msingi inatafuta mwalimu, rudi mwanangu, umeshajaribu. Nayibe alikuwa hajamjibu.

Bi Betsabé alipoingia, Nayibe alimtambua mara moja. Kwa miaka thelathini na nane Bi Betsabé ndiye aliyetoboa vidole vya watoto wenye homa pale Guapi, akapaka damu kwenye kioo, akaisoma kwa hadubini na kusema kama ni malaria au siyo.

"Unafanya nini na hiyo brashi?"

"Naosha, bibi."

"Nilikutoboa kidole mara tisa, hukulia hata mara moja. Leo unaogopa kiti cha hadubini? Kaa."

"Ni cha Andrés, msaidizi wa profesa."

"Yuko wapi?"

"Ameenda kula."

"Basi akishiba atasimama."

Nayibe akakaa.

Tangu siku hiyo Bi Betsabé alikuja kila alasiri. Kabatini mlikuwa na vioo elfu arobaini vya damu kutoka Guapi, vyote alivyovipaka na kuvisoma yeye, na kutokana navyo Profesa Iragorri, mkuu wa maabara, alikuwa ameandika makala kumi na tisa. Jina la bibi halikuwamo hata katika moja. Hakulalamika. Alifundisha.

"Usikitafute kimelea kwa pupa. Tuliza jicho, kitajitokeza chenyewe."

"Mashine ya kusomea vioo inasema damu hii ni safi, bibi."

"Mashine imewahi kuugua?"

Kufika Machi, Nayibe alikuwa amepitia vioo mia mbili vya wajawazito ambavyo mashine ilivipitisha kuwa safi. Sitini na kimoja vilikuwa na malaria. Profesa alivikagua wiki nzima, akafurahi, akaandika makala. Aliweka jina lake, la Andrés na la mwenzake mmoja wa ng'ambo. Mwishoni alizishukuru jamii za pwani.

Nayibe aliingia ofisini kwake kabla hajakaribishwa.

"Jina langu halimo. Wala la Bi Betsabé."

"Binti yangu, wewe bado mdogo, nafasi zitakuja. Na yule bibi, unajua, mwandishi lazima asaini fomu."

"Atasaini."

Bi Betsabé alisaini alasiri hiyohiyo. Penye anwani aliandika: makaburi ya Guapi, mstari wa nne. Karatasi ililowa kidogo.

Kamati ya kitivo ilikaa kwa muda wa saa mbili. Hakuna aliyebisha kwamba bibi huja. Watatu kati yao walikuwa wamesalimiana naye kwenye lifti. Walisema tu hana kitambulisho halali. Kuhusu Nayibe, walisema muda wa wanafunzi kuwasilisha majina ulikwisha Ijumaa. Makala ilitoka na majina matatu.

Siku hiyo Nayibe alimpigia mama yake.

"Waambie shuleni watafute mwalimu mwingine."

"Kwani wamekupa kazi huko?"

"Hawajanipa kitu, mama. Nimekaa tu, na siinuki."

Jumatatu walitumwa wapagazi wawili wamrudishie Andrés kiti chake. Nayibe aliwapisha. Kiti hakikunyanyuka. Walipofika wanne, hakikunyanyuka pia. Fundi alikipima, akaandika kwamba hakina kasoro yoyote. Profesa akamwagizia Andrés kiti kingine.

Agosti nafasi ya uzamivu alipewa Andrés. Nayibe aliandika makala yake mwenyewe kwa majina mawili, lake na la bibi, akaituma. Majarida manne yameikataa kwa sababu ya kitambulisho cha mwandishi wa pili. Ameituma kwa la tano, na jina la bibi amelitanguliza.

Siku hizi wako watano kwenye meza hiyo ya hadubini. Wengine wametoka Timbiquí, wengine Tumaco, hukohuko pwani, walisikia, wakaja. Wanakalia kreti za soda, wanasoma damu kwa zamu, na bibi hupita nyuma yao akiwasahihisha. Hakuna hata mmoja aliye kwenye orodha ya watafiti wa jengo. Saa kumi na mbili jioni msimamizi huja kuwaambia muda wao umekwisha.

"Tukimaliza," Nayibe humjibu, bila kuondoa jicho kwenye hadubini.