Uchovu wa Kina Musafiri

Mwaka ule wa kukata barabara ya Kabambare, katekisti Dominique Musafiri alifungua kitabu cha sala asubuhi akakuta viganja vyake vimejaa malengelenge. Hakuwa ameshika jembe tangu aingie misheni. Akafunga kitambaa, akasalisha. Siku hiyohiyo sultani Musafiri alisinzia barazani katikati ya kesi ya mbuzi, naye Moustapha Musafiri, karani wa ofisi ya serikali ya teritwari, alikazika mgongo hadi kalamu ikamwia nzito.

Watatu hao hawakuwa ndugu. Walichangia jina tu, na kwa sababu yao jina hilo liliheshimiwa kutoka Kasongo hadi Lusangi.

Muuguzi wa zahanati aliwapaka mawese. Akawaambia ni uchovu wa somo wao, mtu wa jina lao anayefanya kazi kupita kiasi, wamtafute. Hawakubisha, maana vitu hivyo vipo.

Walimpata Lusangi. Gaston Musafiri alifanya kazi ya Leta, kama watu walivyoiita serikali: siku tatu barabarani, siku tatu kwenye pamba ya lazima, kila wiki. Miaka yote alirudi nyumbani akaanguka kitandani, na shamba lake likawa pori. Sasa walimkuta jioni analima muhogo wake huku anapiga mluzi. Uchovu ukigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anaweza kuubeba.

"Baba Gaston," sultani alisema, "tunachoka kwa kazi yako."

"Pole, sultani. Mimi, mwezi huu ndiyo wa kwanza ninalimia watu wangu."

"Tunakuomba uache jina."

Odile, mke wake, aliweka jembe chini. "Kama munachoka, mupunguze kazi."

Sultani alilifikiria jambo hilo kwa muda. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi.

"Kazi iko ya Leta, mama. Jina ndiyo iko yetu."

Karani alifungua daftari. Gaston alikuwa amechoka kubishana tangu ujana wake, hivyo alichovya kidole kwenye wino akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Jina lake likabaki Gaston tu. Musafiri la mtoto wake nalo likakatwa, kwa tahadhari.

Kesho yake katekisti alishika kitabu bila kitambaa, na sultani alikaa macho barazani mpaka mwisho. Karani, mgongo umenyooka, aliandika kwamba barabara imechelewa, akaongeza siku ya nne ya barabara: Jumapili, baada ya misa.

Jumapili hiyo Gaston alirudi na uchovu wake wote, akaketi mlangoni. Mikono ilikataa kuinuka. Odile alimega ugali akamlisha tonge kwa tonge, alipomaliza akamlisha mtoto.